Mwalimu Mkuu na Muhuri Wake

Watu wa mtaa wetu wa Bombambili wakianza kumsifu Mwalimu Mkuu, mimi huinamia cherehani yangu nikakanyaga kwa nguvu. Wanasema aliikuta shule ina sakafu za vumbi, akaiacha ina miti, bomba la maji na ufaulu. Wanasema miaka yote ile hakuchelewa hata siku moja. Yote ni kweli, na mimi simpendi. Padri ameniambia nijaribu kumsamehe. Nikamjibu nitajaribu. Aliponiuliza tena, nikamjibu bado najaribu. Safari ya tatu hakuniuliza.

Simtaji kwa jina. Kwetu sisi wazazi alikuwa Mwalimu Mkuu tu. Hata baada ya kustaafu na mwingine kukaa kwenye kiti chake, ukisema "Mwalimu Mkuu" bila kuongeza neno, watu wanajua unamsema yule.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana na miguu myembamba. Nayajua mabega yale kwa sababu nilimshonea nguo miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nashona sare za shule yake, kisha akaanza kuniletea na vitambaa vyake mwenyewe. Alitaka mikono iishie chini kidogo ya kiwiko, kola iliyosimama, na kila gauni liwe na mfuko wa ndani, upande wa kulia, wenye kifungo. Mfuko huo ulikuwa wa muhuri wa shule.

"Muhuri haulali ofisini," aliniambia siku ya kwanza nilipomuuliza mfuko ni wa nini. Kabla yake, alisema, kulikuwa na mtu ofisini aliyegonga barua za uhamisho za uongo, na watoto wakawa wanahamishwa kwenye karatasi huku miili yao ipo darasani. Yeye alipofika aliuchukua muhuri akaufunga kwenye leso, na tangu siku hiyo alitembea nao. Alikwenda nao sokoni, kanisani na msibani. Ukitaka kugongewa barua, ulimtafuta yeye alipo. Mimi niliona ni uaminifu. Nikamshonea ile mifuko kwa uzi wa mara mbili isije ikatoboka.

Hakuwa mtu wa huku. Alikuja kikazi kutoka mikoa ya mbali, kama watumishi wengi wanavyokuja Songea, wakiwa na begi moja na nia ya kuondoka baada ya miaka mitatu. Yeye hakuondoka. Alijifunza Kingoni hata akaweza kuwafariji bibi zetu msibani, akakaa nao chini kwenye mkeka na miguu ameinyoosha kama wao. Lakini mtoto akisikika anaongea Kingoni ndani ya uzio wa shule alipigishwa magoti. Na sisi wazazi hatukupona. Kiswahili chetu alikisahihisha mbele za watu.

Nilikuwepo siku mama mmoja wa Mpitimbi alipofika kumwombea mwanawe ruhusa. Alikuwa amejifunga kanga mbili, macho mekundu. "Mwalimu, tumefiwa na babu yao. Tunazikaga kesho."

"Tunazika," alisema Mwalimu Mkuu, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. "Rudia."

"Tunazika kesho, Mwalimu," yule mama akasema, machozi yanamshuka.

"Haya. Mchukue mtoto. Poleni sana." Akainuka, akaingia ofisini, akatoka na mfuko wa mchele akampa. Mchele wake mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa. Alikukata kwa mkono wa kushoto akakufunga kidonda kwa mkono wa kulia, na watu wanaohadithia wanahadithia mkono wa kulia.

Kisa wanachokipenda kuliko vyote ni kile cha binti wa darasa la sita aliyekaribia kuozwa. Baba yake alikuwa ameshapokea ng'ombe. Mwalimu Mkuu alipanda bodaboda kwenye mvua ya Februari hadi kijijini, akafika ametapakaa tope, akaketi kwenye kigoda uani kwa yule mzee tangu asubuhi. Akaletewa uji, akakataa. Akatishiwa, akanyamaza. Ilipofika alasiri mzee akasema, "Mchukue, umenichosha." Binti aliishi nyumbani kwake miaka mitatu, na leo ni muuguzi. Kisa hicho sikipingi. Najiuliza tu ilikuwaje mtu aliyeweza kukaa kutwa nzima kwenye kigoda kwa ajili ya mtoto wa mwenzake akashindwa kukaa dakika kumi akamtazama wangu.

Wangu anaitwa Kandida. Alikuwa na miaka saba alipoanza shule kwake.

Kandida hakuwa mtoto mgumu, alikuwa mtoto wa dunia yake. Nikimuuliza, "Unataka maji?" anajibu, "Unataka maji." Hakuwahi kunyoosha kidole kuonyesha kitu. Alinishika mkono kwenye kiganja akaupeleka mkono wangu kwenye kitu anachokitaka, kana kwamba mkono ule si wa mtu, ni wa kazi tu. Kibandani kwangu alipanga nyuzi zangu kwa rangi, kutoka nyeupe hadi nyeusi, na mteja akigusa uzi mmoja alilia mpaka urudishwe. Ugali ulioguswa na mboga hakuula. Na pale shuleni, kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, inagongwa kwa nondo. Kila ilipogongwa Kandida alijikunja chini, mikono masikioni, akipiga kelele kama anayeungua.

Bibi yake alisema ametupiwa kitu. Mume wangu, ambaye anafanya biashara Nakapanya na huja nyumbani mwisho wa mwezi, alisema ni deko. Mimi nilisema atakua.

Aliyesema vingine ni Mwalimu Hawa, wa darasa la pili, binti wa Tunduru aliyekuwa ameanza kazi karibuni. Alikuja kibandani kupunguza dera lake, akakaa kuliko kazi ilivyohitaji.

"Dada, mimi si daktari," alisema. "Lakini chuoni tulifundishwa kidogo habari za watoto hawa. Kandida ana akili. Anasoma kuliko wenzake, hasemi tu. Mimi nadhani ni usonji. Mpeleke hospitali akapimwe, inshallah utapata njia."

Neno usonji nilikuwa nimelisikia redioni mara moja, nikadhani ni ugonjwa wa kukonda. Nilimpeleka. Daktari wa watoto alimwangalia, akaniuliza maswali mengi, akasema yeye peke yake hawezi kuthibitisha. Mwezi unaofuata wangekuja wataalamu kutoka Dar, wakae siku tatu. Muuguzi akanipa fomu. "Hii ijazwe na mwalimu wake, jinsi anavyomwona darasani," akasema. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa sahihi na nafasi ya muhuri.

Mwalimu Hawa aliijaza kwa siku mbili. Aliandika kurasa zote, mwandiko mdogo mzuri. Nikaichukua nikaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu nikiwa na furaha, Mungu anisamehe, nikijua huyu mwanamke nimemshonea nguo miaka mingi.

Aliisoma yote. Alipomaliza aliikunja akanirudishia.

"Mama Kandida, shule si zahanati."

"Ni kupima tu, Mwalimu."

"Kupima nini? Mtoto anaona, anasikia, anatembea. Unataka wamwandike ugonjwa aubebe mpaka uzeeni?"

"Nataka nijue ana nini."

"Ana mama mlegevu. Hakuna mtoto mzito, kuna mtu mzima mvivu. Nipe mimi mwaka mmoja nitamnyoosha."

Nikamwomba agonge muhuri tu, hata kama haamini. Akaniambia neno ambalo ndilo lililotupoteza: "Bila muhuri huu hakuna daktari atakayemgusa mtoto wako. Na muhuri huu haugongi uongo." Nikaamini. Nani angekosa kuamini? Katika mtaa wetu ule muhuri ulifungua kila mlango na kufunga kila mlango. Nilikuwa nimeuona kwa macho yangu.

Mara ya pili alikwenda mume wangu. Alikuja kutoka Nakapanya kwa ajili hiyo, amevaa shati la kanisani. Nilimsubiri nje chini ya dirisha la ofisi, nikisikia sauti ya Mwalimu Mkuu, tulivu, kama anasimulia hadithi. Alimweleza mume wangu juu ya watoto wangapi aliowapokea wakiwa wagumu hivyo hivyo, na leo ni maaskari, ni walimu. Alimweleza pia, na hili nalisema kwa haki, kwamba aliwahi kuona watoto walioandikwa hospitali wakarudishwa nyumbani na wazazi wao, wakafungiwa jikoni, shule wasiione tena. "Karatasi ile baba, ukiichukua huirudishi," alisema. Mume wangu alitoka ameshika kofia mkononi. "Mwalimu anasema kweli," akaniambia. "Tumempa deko mno."

Mara ya tatu sikumwendea. Alikuja mwenyewe.

Ilikuwa Jumatatu, na wataalamu walikuwa wameshafika hospitali. Mwalimu Mkuu alikuja kibandani kujaribu gauni jipya la mahafali. Kibanda changu kina pazia kwenye kona. Alivua gauni alilovaa, akalitundika kwenye msumari, akatoka na jipya mwilini, nikaanza kumweka pini mgongoni. Nikamwambia, pini zikiwa mdomoni, "Mwalimu, wapo mpaka keshokutwa."

"Nimekataa mara mbili. Unataka nikatae kwa Kingoni?"

Basi likapita lile jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Mwenye duka la jirani alimwita aje aone kanga mpya, naye akatoka na gauni lile lenye pini, akasimama mlangoni kwa jirani wanacheka. Gauni lake la zamani lilikuwa limening'inia nyuma ya pazia. Niliingia. Nikapitisha mkono ndani, upande wa kulia, nikafungua kifungo nilichokishona mwenyewe. Muhuri ulikuwepo, ndani ya leso yake, wa joto bado. Fomu ilikuwa kwenye saraka ya cherehani, hatua mbili. Wino ninao, wa kuandikia risiti.

Sikugonga. Niliurudisha nikafunga kifungo. Mama yangu alinilea nisiguse cha mtu, na mikono yangu ikakumbuka mafunzo yale siku mbaya kuliko zote. Mwalimu Mkuu akarudi, nikammalizia pini. Jumatano wataalamu wakaondoka.

Mwaka uliofuata aliitimiza ahadi yake. Mwalimu Hawa alihamishiwa darasa la tano na kuambiwa asijishughulishe na mtoto asiye wake. Kandida akawa kazi ya Mwalimu Mkuu mwenyewe. Kila Jumatatu alimsimamisha mbele ya mstari, shule nzima inatazama, aseme jina lake kwa sauti. Rimu ilipogongwa, alimshika mikono yote miwili akaishusha kutoka masikioni. Hakuwa akimchapa, wala sitamsingizia. Alimshika tu, imara, akisema, "Sikia. Ni kengele. Haiumi." Nilimkuta anafanya hivyo mara moja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Uso wa mwanangu ulikuwa wa mnyama aliyenaswa.

Kandida aliacha maneno yote, hata yale ya kurudia. Akaanza kujing'ata mkono, hapa chini ya kidole gumba, mpaka pakawa na sugu. Akawa anajikojolea, mtoto wa miaka tisa. Nilipomweleza Mwalimu Mkuu, alisema, "Kidonda kinawasha kinapopona." Nami, badala ya kumtoa mwanangu pale siku ile ile, nilikwenda nyumbani kufua sketi. Hilo nalibeba mimi. Simwekei yeye.

Kisha siku ya Jumatatu, wakati wa mstari, alikimbia. Alichomoka mikononi mwa Mwalimu Mkuu, akapita kwenye geti na kuelekea barabara kuu. Nilipopewa habari niliacha cherehani ina nguo ya mtu chini ya sindano. Walimu walitoka, wanafunzi wakubwa wakatoka, bodaboda wakasambaa. Mwalimu Mkuu alikimbia nasi. Alivua viatu akavishika mkononi, akawa anakimbia peku juu ya kokoto, analia kwa sauti, anaita, "Kandida! Mwanangu, Kandida!" Mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona analia. Wanaomsifu wanaikumbuka hii pia. Nami naikumbuka.

Alipatikana saa sita mchana, mbali kwenye barabara ya Mpitimbi. Mama mmoja aliyekuwa analima kando ya barabara alimwona anatembea katikati ya lami, malori yanampigia honi, akamvuta pembeni akamfunika kanga kichwani. Kandida alikuwa amekaa ndani ya kanga ile, ametulia, nyayo zinavuja damu. Nilimbeba. Hakunikumbatia, lakini aliweka paji la uso wake shingoni mwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mchanga.

Mwalimu Mkuu alifika anahema, vumbi usoni na michirizi ya machozi. Alimtazama mtoto, akamtazama yule mama wa shambani, akanitazama mimi. Nilidhani atasema samahani. Alifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Mmeona?" alisema. "Ukimlegeza kidogo, ndiyo haya."

Nilikuwa na mtoto mikononi, na mtu mwenye mtoto mikononi hawezi kufanya nilichotaka kufanya.

Kesho yake sikwenda shule. Nilikwenda ofisi ya elimu, nikamuuliza mlinzi kama kuna mtu anayeshughulikia watoto wenye mahitaji maalumu. Akanipeleka kwenye chumba kidogo mwisho wa korido. Afisa alikuwa baba wa makamo, sauti ya chini, meza imejaa mafaili. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Nikatoa ile fomu ya Mwalimu Hawa, imeshakuwa laini kama kitambaa kwa kukunjwa.

Aliisoma. "Imejazwa vizuri sana hii," akasema. "Kwa nini haikufika hospitali?"

"Haina muhuri, Baba."

"Muhuri wa nini?"

"Wa shule. Mwalimu Mkuu alisema bila muhuri hawampimi."

Aliivua miwani. Akaifuta taratibu kwa shati, nami nikaanza kuelewa, nikaanza kuomba nisielewe.

"Mama," akasema, "maelezo ya mwalimu yanawasaidia tu wapimaji. Muhuri si sharti. Mzazi anamchukua mtoto wake, anakwenda. Ungekwenda mikono mitupu wangempima."

Nilimwomba arudie. Alirudia. Niliuliza, "Hata mwaka jana?" Akasema, "Hata mwaka jana, mama." Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za ofisi ile, watu wananipita na mafaili yao. Nilifikiria muhuri ule ulivyokuwa wa joto mkononi mwangu. Nililia kwa ajili ya wizi ambao sikuufanya, ambao hata ningeufanya usingekuwa na maana.

Wataalamu walirudi baada ya miezi miwili, nami sikumwambia mtu. Chumba cha kupimia kilikuwa na mkeka na vitu vya kuchezea. Daktari, mama mtu mzima, alikaa chini mkekani na hakumsemesha Kandida kabisa. Alipanga vizibo vya chupa, akavivuruga, akapanga. Baada ya muda mrefu Kandida alisogea akavipanga upya kwa rangi. Daktari akachukua kimoja akakificha kiganjani. Kandida hakumtazama usoni, alimfungua vidole kimoja kimoja. Mtaalamu mwingine alikuwa ananiuliza mimi: alianza kusema lini, alikuwa anacheza vipi, usingizi wake ukoje, anaogopa nini. Hakuna aliyeniuliza kama mimi ni mlegevu. Walitumia asubuhi nzima, tukarudi kesho yake tena.

"Ni usonji," daktari alisema. "Si kosa lako, wala si tabia mbaya. Akili anayo. Anahitaji kufundishwa kwa njia yake, na makelele yapunguzwe."

Nilitegemea kulia. Nilisikia njaa. Tulitoka nikanunua chapati, tukala tumekaa kwenye benchi la hospitali, kila mtu na yake.

Mume wangu nilimpelekea karatasi Nakapanya mwenyewe. Aliisoma dukani, wateja wamesimama. Akasema, "Nilimsikiliza yule mwanamke kwa sababu anaongea vizuri." Tangu hapo kila akija humletea Kandida vizibo.

Mwalimu Mkuu nilimwonyesha karatasi kwa sababu Kandida alipata nafasi kwenye shule nyingine, yenye kitengo cha watoto wa aina yake, na kwa uhamisho huo ndipo muhuri wa shule ulipohitajika kweli. Alisoma mpaka mwisho. "Basi mmepata mlichokuwa mnakitafuta," alisema. Akafungua kifungo, akatoa leso, akagonga barua ya uhamisho. Aligonga mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilitoka hafifu. Muhuri ulioshindikana mwaka mzima kumpeleka mwanangu kupimwa ulitoka dakika moja kumwondoa.

Kitambaa chake kilichokuwa kwangu nilikirudisha kama kilivyokuja, hakijakatwa.

Kandida sasa ana miaka kumi na minne. Sitaki kumfanya muujiza. Anasema sentensi zake mwenyewe, fupi, na hesabu anawazidi wengi. Kuna siku bado anajing'ata, na ile sugu haijaondoka.

Mwaka jana walimu wa kitengo waliitisha kikao cha wazazi kwenye ukumbi wa parokia. Walialika pia walimu wakuu wa shule za jirani na wastaafu kadhaa. Mwalimu Mkuu alikuwa mbele, kwenye viti vya wageni. Amezeeka. Mabega yameshuka, na anatembea na fimbo. Walipompa nafasi, alisimama bila kuitegemea.

"Nilipokuwa shuleni kwangu," alisema, na ile sauti ilikuwa bado ile ile, "nilimwona binti mmoja. Hasemi, anaziba masikio. Wengine walimwita mtukutu. Mimi nikajua. Nikamwita mama yake, mtu wa hali ya kawaida, mwoga, hajui aanzie wapi. Nikamwambia, mama, mtoto huyu apimwe. Nikagonga muhuri kwa mkono huu. Leo binti yule anasoma."

Watu wakapiga makofi. Nilimtazama usoni nikiutafuta uongo, na sikuuona. Alikuwa anaamini. Miaka ilikuwa imemsafishia kisa chake mpaka yeye mwenyewe amekipokea kama zawadi.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama." Alinikazia macho, na nikaona ananitambua polepole.

"Mama mwoga huyo ni mimi," nikawaambia watu. "Mwalimu alikataa mara tatu. Akaniambia bila muhuri wake mtoto hapimwi, na mimi nikaamini, mwanangu akapoteza mwaka na karibu apoteze roho barabarani. Nasema kwa ajili ya wazazi waliomo humu. Msingoje muhuri wa mtu. Mchukueni mtoto mwende."

Mwalimu Mkuu alishusha pumzi. "Mama ana uchungu wake," aliwaambia, kwa upole kabisa. "Tumwombee." Kisha akakaa, na mwenyekiti akaita mtu mwingine haraka haraka.

Kikao kilipokwisha nilimkuta nje, juu ya ngazi za ukumbi.

"Umeniaibisha mbele ya watu," alisema.

"Nimesema kilichotokea."

"Mimi nilimpenda mtoto yule." Akasubiri. Kisha akarudia, chini zaidi, "Nilimpenda."

Nilimwamini. Hilo ndilo ninaloshindwa kumweleza padri, kwamba nilimwamini na halikupunguza kitu.

Mtu alinigusa bega. Alikuwa mama kijana, mgeni kwangu, amemshika mkono mtoto wa miaka kama sita ambaye alikuwa anazungusha kichwa huku na huku, macho juu ya bati. "Samahani, mama. Umesema hospitali. Mtu anaingilia mlango upi? Mimi sina barua yoyote."

"Mtoto unaye," nikamwambia. "Twende nikuonyeshe."

Mwalimu Mkuu alikuwa bado juu ya ngazi, fimbo mkono mmoja, mkono wa pili ameunyoosha kidogo hewani, akingoja mtu amshike ashuke. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilimpita.